Rangi ya Lavinia

Whitstable, Kent
5 Februari 1973

Bwana Bagshaw,

Hunijui. Mimi ni mchoraji katika kiwanda cha Lidgate, tunakotengeneza treni ndogo za kuchezea, zile ambazo wanaume wazima huwanunulia watoto wao kisha wakawakataza kuzigusa. Nimesoma katika gazeti la wapenzi wa reli kwamba wewe ndiye dereva wa Lavinia, injini ndogo ya dizeli inayopanga mabehewa kwenye machimbo ya chokaa ya Hobdale, na kwamba za aina yake zilizobaki nchini hazizidi tatu. Tunataka kutengeneza mfano wake.

Nitakuwa mkweli kwako tangu mwanzo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikinakili michoro ya wanaume. Lavinia ndiye injini ya kwanza niliyokabidhiwa mwenyewe, kuanzia kipimo cha kwanza hadi rangi ya mwisho, na kwenye pembe ya mchoro zitaandikwa herufi za jina langu. Bwana Lidgate ameniambia wazi kwamba wateja wakigundua kosa, narudi kunakili. Na wateja wetu si watu wa kawaida. Mwaka jana bwana mmoja wa Leicester alituandikia kurasa sita kuhusu kishikio cha taa kilichokaa upande usio wake.

Je, unaweza kunipimia vitu nilivyoviorodhesha kwenye karatasi hii ya pili, na kuniambia Lavinia alitoka wapi na ana rangi gani?

Wako,
Muriel Tapscott


Hobdale, Derbyshire
11 Februari 1973

Bi. Tapscott,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kantini. Tulipofika pale pa wanaume wazima na watoto wao, Enoch Fearn alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Ana treni ya namna hiyo darini, na mtoto wake ana miaka ishirini na tisa.

Vipimo vyako viko nyuma ya karatasi hii. Nimepima kila kitu mara mbili kwa futi ya kushonea ya mke wangu Nellie, ambaye ameapa kwamba ikirudi na grisi nitajishonea suruali zangu mwenyewe.

Ulitaka kujua alikotoka. Alizaliwa vitani, mwanangu. Walimtengeneza kwa ajili ya ghala la jeshi, akasukuma mabehewa ya mabomu kwa miaka mitatu, na mwaka 1947 jeshi likamuuza. Alifika hapa siku ya theluji nene na hakuna aliyetaka hata kumgusa. Sisi tulikuwa watu wa injini za moshi. Hii ya dizeli tuliiona sufuria yenye magurudumu. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni kazini, nikaambiwa, haya Amos, sufuria yako hiyo. Mwenye machimbo akampa jina la shangazi yake, mama ambaye sidhani kama aliwahi kupanda treni bila kulalamika. Tangu siku hiyo ni mimi na yeye, mwaka wa ishirini na sita sasa. Asubuhi za baridi hawaki mpaka umpige kofi kwenye mlango wa betri, upande wa kushoto. Ukimpiga wa kulia ananuna. Hilo usilichore.

Lazima nikwambie pia kwamba machimbo yanafungwa mwezi Juni, na Lavinia atakatwa auzwe chuma chakavu. Kwa hiyo kama mnamtaka, msilaze damu.

Rangi mtaiona mkimtuma mtu wa kupiga picha.

Amos Bagshaw


Whitstable
21 Februari 1973

Mpendwa Bwana Bagshaw,

Pole sana kwa habari ya kufungwa. Sikujua, na nilipoisoma niliweka kalamu chini.

Vipimo vyako ni vizuri ajabu. Wahandisi waliosoma wamewahi kuniletea vibaya zaidi. Mwambie Bi. Nellie kwamba kiwanda kitamnunulia futi mpya.

Mpiga picha wetu, Bwana Crouch, atafika Jumamosi tarehe 10 Machi saa nne asubuhi. Ni mtu mpole, anakula chochote. Tafadhali msijisumbue kwa lolote. Mwacheni Lavinia kama alivyo.

Wako mwenye shukrani,
Muriel Tapscott


Whitstable
26 Machi 1973

Mpendwa Bwana Bagshaw,

Picha zimefika na kiwanda kizima kimekuja kuzitazama mezani kwangu. Bwana Lidgate, ambaye kwa kawaida husifu hali ya hewa tu, alisema, “Huyu atauzika.” Kilichompendeza zaidi ni rangi. Tulidhani tutaona kijivu au kijani kama injini zote za machimbo, kumbe Lavinia ni damu ya mzee, tena inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Tumekwisha kuagiza rangi yenyewe kwa mapipa. Upakaji unaanza tarehe 14 Mei.

Nimebakiwa na swali moja, maana wale watu wa Leicester wataniuliza: je, siku zote alikuwa na rangi hii, tangu alipofika kwenu?

Bwana Crouch anasema mkate wa tangawizi wa Bi. Nellie ulikuwa mtamu kuliko wa mama yake, na ananiomba nisimwambie mama yake.

Muriel Tapscott


Hobdale
1 Aprili 1973

Mpendwa Bi. Tapscott,

Tunashukuru kusikia picha zimetoka vizuri. Huku mvua haijakatika tangu Jumatano. Enoch ameteguka mkono. Kondoo wa jirani wameingia tena kwenye kabichi zangu, na jirani anasema kabichi ndizo zilizowafuata kondoo. Nellie amefurahi kuhusu ule mkate, amenikatia vipande vidogo wiki nzima ili abaki na wa kukutumia.

Kuhusu rangi, rangi ni ile mliyoiona. Picha hazidanganyi.

Amos Bagshaw


Hobdale
9 Aprili 1973

Bi. Tapscott,

Ni mimi Nellie, mke wa Amos. Yeye hajui kama nakuandikia, na ukimwambia nitakana mbele ya kasisi.

Ile rangi ni uongo. Lavinia ni kijani. Amekuwa kijani tangu sijui lini, kijani kilichokolea, chenye masizi na chokaa mpaka magotini. Ulipoandika kwamba msijisumbue, wewe ulimaanisha hivyo kwa sababu u mtu wa kusini. Hapa kwetu mtu akikwambia usijisumbue, ndipo unapotoa vikombe vizuri. Ijumaa, siku moja kabla ya mpiga picha, wanaume wanne, mwenye umri mdogo kati yao ana miaka hamsini na nne, walimsugua kwa mafuta ya taa kisha wakampaka rangi iliyobaki walipopaka milango ya kantini. Bwana Crouch aliegemea, akarudi kwenu na kiwiko chekundu. Hakusema neno. Adabu yake tu.

Amos alidhani mtafurahi. Kisha ikaja barua yako ya kuuliza kama siku zote alikuwa hivyo, na tangu hapo chakula anakizungusha kwenye sahani. Alikwisha tusomea kwamba ukikosea unarudishwa kunakili. Anajua alichokufanyia. Ila ni mwanaume wa Derbyshire, atakufa na maneno yake kifuani kuliko kuyatoa.

Mimi nimesema. Sasa fanya uonavyo.

Nellie Bagshaw


Whitstable
13 Aprili 1973

Bwana Bagshaw,

Nitakuuliza mara moja tu, na sitakuuliza tena.

Baada ya tarehe 14 Mei zitatoka injini elfu nne za rangi ya damu ya mzee, na chini ya kila sanduku pameandikwa kwamba ndivyo Lavinia alivyokuwa. Watu watazinunua kwa sababu wanatuamini. Mimi nitakuwa nimeweka herufi zangu kwenye mchoro unaosema hivyo. Nimezisubiri herufi hizo miaka kumi na mmoja, na sitaki kuziweka juu ya kitu kisicho kweli.

Lavinia alikuwa na rangi gani?

Muriel Tapscott


Hobdale
17 Aprili 1973

Mwanangu Muriel,

Kijani.

Naona umekwisha jua, na ninamjua aliyekwambia, maana leo ananipakulia chakula bila kunitazama. Sina kinyongo naye. Angalau mmoja wetu ana uso wa kusema kweli.

Nataka ujue ilivyokuwa. Barua yako ya mpiga picha ilipofika, nilitafuta nyumba nzima picha ya Lavinia nikutumie, nikakuta hakuna hata moja. Enoch naye hana. Ofisini wana picha za mwenye machimbo, za mbwa wake, na za lori walilonunua mwaka 1961, lakini Lavinia hakuna aliyewahi kumpiga picha. Miaka ishirini na sita, kila jiwe lililotoka bonde hili amelisukuma yeye. Hivyo picha ya kwanza ndiyo ingekuwa ya mwisho. Ijumaa asubuhi nikamtazama, ana masizi, kijani kimembambuka mbavuni, nikaona haya kwa niaba yake. Ungekuwa wewe, mama yako anapigwa picha ya kwanza maishani, ungemwacha na aproni ya jikoni?

Sikufikiria kwamba nakuchimbia shimo. Nilipogundua, niliogopa, nikakuandikia habari za kabichi. Nimeishi miaka sitini na mmoja na sijawahi kujionea aibu hivyo. Nisamehe ukiweza. Na kama kuna la kufanya, sema, nitalifanya.

Amos


Whitstable
25 Aprili 1973

Mzee wangu Amos,

Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nilikumbuka kwamba mama yangu ana picha moja tu, na ndani yake amevaa kofia ya kuazima. Basi hilo limekwisha.

Lililobaki ni gumu zaidi. Nilikwenda kwa Bwana Lidgate nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza, akawasha kiko, akasema rangi imekwisha kununuliwa, picha zote ni damu ya mzee, na hakuna picha hata moja duniani ya kijani. “Unataka nibadilishe injini elfu nne kwa sababu dereva mmoja ameota vibaya?” Nilimwita Bwana Crouch athibitishe kile kiwiko chake. Alikiri. Alisema aliona si adabu kumuuliza mwenyeji kwa nini treni yake haijakauka. Bwana Lidgate akasema kiwiko kinathibitisha kwamba ilipakwa rangi mpya, hakisemi ya zamani ilikuwa ipi. Kijani gani? Cha majani, cha chupa, cha bahari? Atapaka kwa neno tu?

Amenipa hadi siku ya upakaji. Nikileta ushahidi ambao yeye mwenyewe anaweza kuushika mkononi, atabadilisha. Nisipoleta, Lavinia atatoka damu ya mzee. Nimemjibu kwamba ikiwa hivyo afute herufi zangu, na mimi nitarudi kwenye meza ya kunakili kwa miguu yangu mwenyewe. Wenzangu wananiona mwendawazimu. Huenda ni kweli.

Tafuta, mzee wangu. Kopo kuukuu, risiti ya rangi, chochote kile.

Muriel


Hobdale
6 Mei 1973

Muriel mwanangu,

Kwenye bati hili la biskuti kuna kipande cha chuma. Kifungue polepole, kingo zake zinakata.

Makopo hayakupatikana, yalitupwa zamani. Nilipanga kumkwangua Lavinia mwenyewe na kukuletea vumbi ndani ya bahasha, lakini wakataji walikuja mapema, kabla hata ya kufungwa. Walimkata Alhamisi. Saa mbili asubuhi waliwasha moto wa gesi, saa tisa alikuwa rundo. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Hicho ni kipande cha mlango wa dereva, upande niliokuwa nikiingilia. Nilimwambia mkataji apite mbali na katikati ili moto usiichome rangi. Mpe Bwana Lidgate sarafu, akwangue taratibu pembeni. Juu atakuta damu ya mzee, bado laini. Chini yake ni kijani, na aangalie vizuri, kimepakwa mara tatu, kwa mkono wangu kila mara. Chini ya kijani kuna kijivu cha mwaka wa kwanza, nilikuwa nimekwisha kukisahau. Na chini kabisa, kwenye chuma chenyewe, ni rangi ya tope ya jeshi, ile aliyokuja nayo kwenye theluji.

Hapo ndipo alipotoka. Sina ushahidi mwingine.

Amos


Whitstable
15 Mei 1973

Mzee wangu Amos,

Ni kijani.

Jana asubuhi nilikiweka kile kipande juu ya meza ya Bwana Lidgate, juu kabisa ya barua zake. Aliniuliza ni takataka gani. Nikampa sarafu. Alikwangua, akavaa miwani, akakwangua tena, akasahau kiko chake mpaka kikazima. Alipofika kwenye rangi ya tope aliigusa kwa kidole. Kumbe naye alikuwa jeshini, kwenye maghala. Akasema, “Nimesukuma vitu vya rangi hii.” Kisha akamwita bwana wa rangi, akamwekea kipande mkononi, akamwambia achanganye kijani hicho hasa, si kingine, na ile damu ya mzee wapakie masanduku ya posta ya kuchezea.

Herufi zangu zimebaki kwenye pembe. Nilikwenda kuzitazama mara tatu jana, na mara ya tatu Crouch alinikuta, akajifanya hajaniona. Adabu yake tu.

Sijui nikushukuruje. Na pole kwa Lavinia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ningefika kumwona.

Muriel wako


Hobdale
24 Mei 1973

Muriel,

Nellie tena. Amos ameisoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Tumefurahi kwa ajili yako, na kabichi nazo zinapona.

Lakini kuna jambo hakukwambia, na akiachiwa yeye halitafika masikioni mwa mtu yeyote, kwa hiyo ni kazi yangu kama kawaida. Siku ya kukatwa, msimamizi wa wakataji alisema kila mtu aliyefanya kazi na Lavinia achague kitu kimoja tu. Kimoja, maana vingine vyote vimepimwa na kuuzwa. Enoch alichukua honi. Sote tulijua Amos atachukua bamba la jina, ile shaba ya njano iliyoandikwa LAVINIA, aliyokuwa akiisugua kila Ijumaa kwa miaka yote hiyo. Wenzake walikuwa wamekwisha lifungua kwa bisibisi na kulifunga kwenye gunia kwa ajili yake.

Alilishika, akasimama nalo kitambo. Kisha akalirudisha, akasema anataka kipande cha mlango. Msimamizi alidhani amechanganyikiwa. Bamba likaondoka na bwana mmoja mgeni aliyekuja na gari kukusanya mabamba ya treni. Jina lake hatukulipata.

Amos hajalalamika. Anasema alichagua na amechagua. Mimi nimeona tu ni haki ujue bei ya kijani chako.

Nellie


Whitstable
30 Juni 1973

Mzee wangu Amos,

Kwenye sanduku hili kuna Lavinia wa kwanza kutoka kiwandani. Bwana Lidgate alitaka wa kwanza aende kwenye kabati lake la kioo, nikamwambia aende akalale. Pamoja naye nakurudishia kipande chako cha mlango. Nimekipaka mafuta kisishike kutu.

Bi. Nellie ameniambia kuhusu bamba. Nililia kwenye chumba cha kuhifadhia karatasi. Kwa nini hukuniambia? Ningekuzuia. Ningerudi kunakili, na si mwisho wa dunia. Kalamu ni ile ile. Lakini wewe ulikuwa na nafasi moja tu ya kubaki na kitu chake, kitu chenye jina lake, ukaichukua nafasi hiyo ukanitumia mimi kwenye bati la biskuti. Mtu hujawahi hata kuniona uso.

Niambie kwa nini. Nisipojua sitatulia.

Muriel


Hobdale
8 Julai 1973

Muriel mwanangu,

Amefika salama. Tulimfungua mezani, mimi, Nellie na Enoch. Nellie alimtazama upande huu na upande huu, akasema, “Ndiye mke mwenza wangu. Ila huyu ameoga.” Enoch alihesabu vishikio vyote kwa kidole, na kwa kuwa hakupata kosa akavihesabu upya. Nimemweka dirishani jikoni, anatazama njia. Jua likipiga asubuhi kile kijani kinakuwa chenyewe kabisa.

Umeniuliza kuhusu bamba. Sitakudanganya, nililitaka. Mikono ilikuwa haitaki kuliachia. Lakini nilifikiri, wewe umeiweka kazi yako yote rehani kwa ajili ya ukweli wa injini usiyoijua, na uongo ulikuwa wangu. Na siku sisi wazee tukiisha kwenda zetu, ni nani angejua Lavinia alikuwa na rangi gani? Lingebaki jina tu linaning'inia ukutani, na watoto wa watoto wanapaka damu ya mzee.

Bamba lingeniambia jina lake, mwanangu. Jina lake nilikuwa nalijua.

Njoo Agosti utuone. Hatutajisumbua kwa lolote.

Amos